Nani Haini? Riwaya na Tawasifu kama Ushahidi wa Kihistoria wa Zanzibar ya 1972

Tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui. Kesi ya uhaini iliyofuata iliendeshwa mbele ya Mahakama ya Wananchi, ambamo washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa amezuiliwa Tanzania Bara, alihukumiwa kifo bila ya kuwapo mahakamani. Mwalimu Nyerere hakumpeleka Visiwani, na mwaka 1978 akaachiwa huru. Kumbukumbu za mahakama hutueleza mshtakiwa alikiri nini. Namna alivyokirishwa hazisemi, na hapo ndipo mwanahistoria analazimika kubisha hodi kwenye mlango wa fasihi.

Adam Shafi alikuwa miongoni mwa waliotiwa gerezani katika kadhia hiyo. Riwaya yake, *Haini*, ilitoka mwaka 2003, miaka 31 baada ya mauaji, na inamfuata Hamza, mahabusu anayebebeshwa tuhuma ya kifo cha mtawala. Wahakiki wengi wameisoma kama tawasifu iliyovishwa nguo za riwaya. Usomaji huo una ukweli, ila unapita haraka mno juu ya swali la msingi. Mwandishi huyu huyu alipotaka kusimulia safari yake ya ujanani, kutoka nyumbani kupitia Kenya, Uganda na Sudan hadi Misri, alichagua tawasifu, yaani *Mbali na Nyumbani* (2013). Kwa nini basi gereza likapewa riwaya?

Jibu ninaloliona linahusu zaidi watu wengine kuliko mwandishi mwenyewe. Anayesimulia safari huwataja waliompa chakula na malazi, na kutajwa huko ni heshima kwao. Anayesimulia gereza huwataja waliopiga, waliopigwa na, jambo zito kuliko yote, waliowataja wenzao chini ya mateso. Katika jamii ya visiwani, ambamo mtesaji na mteswa huweza kusali msikiti mmoja na watoto wao kuoana, jina moja likiandikwa hufungua jeraha la ukoo mzima. Jina la kubuni linampa msimulizi nafasi ya kueleza tendo bila ya kumkabidhi mtendaji kwa majirani zake.

Tofauti hii hudhihirika tunapoiweka riwaya kando ya kumbukumbu za Ali Sultan Issa, waziri wa zamani aliyefungwa katika kadhia ile ile, zilizochapishwa mwaka 2009 na mwanahistoria G. Thomas Burgess pamoja na zile za Seif Sharif Hamad. Pale majina ni halisi. Lakini kitabu kiko katika Kiingereza, na maneno ya msimulizi yamepita mikononi mwa mhariri. Ni ajabu kidogo kwamba masimulizi yenye majina halisi yalipata makazi katika lugha ambayo wengi wa wahusika hawaisomi kwa raha, ilhali yaliyo katika lugha yao yakafichwa nyuma ya ubunifu.

Neno lenyewe, haini, linastahili kuangaliwa. Lina nasaba moja na hiana, na asili yake ya Kiarabu ni kuvunja amana. Mashtaka ya 1973 yalilifinya neno hilo likawa na maana moja tu: aliyeisaliti dola. Riwaya inalirudisha kwenye upana wake. Rafiki anayetia saini maelezo asiyoyatoa ili apate usingizi wa usiku mmoja, je, naye ni haini? Mlinzi anayepitisha habari kwa siri kinyume cha kiapo chake ni mwaminifu au msaliti? Kesi haikuwa na nafasi ya maswali haya, kwa kuwa ilihitaji utambulisho wa aina mbili tu, raia mwema na adui. Aliyenusurika ndani ya kuta zile aliishi katikati ya hizo mbili, na ushahidi wa maisha hayo ya katikati ndio ambao sura zinazofuata zinautafuta katika maandishi ya Kiswahili kabla ya mahali pengine popote.