Aya ya Ushahidi katika Historia ya Wameru na Waembu

Utangulizi wa insha ya historia huweza kuandikwa hata na mtu mwenye ushahidi haba; mwandishi hupimwa katika mwili wa insha. Makala haya yanakusudia kuichunguza aya moja tu ya mwili huo, kwa mfano wa mapokeo ya Wameru kuhusu asili yao, maana hapo kosa la kupanga sentensi limekuwa mara nyingi kosa la historia yenyewe.

Wazee wa Meru husimulia kwamba zamani waliishi Mbwaa, mahali penye maji mengi, chini ya watu walioitwa Nguuntune, yaani "nguo nyekundu". Watawala hao waliwadai mambo yasiyowezekana, kama vile mkuki wa kufika mbinguni na kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Mwishowe Wameru wakatoroka. Kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo, nayo yakatengana. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka mchana weupe.

Bernardo Bernardi aliyachunguza mapokeo hayo katika kitabu chake juu ya Mugwe (1959), na Jeffrey Fadiman, katika makala ya mwaka 1973, alijenga hoja kwamba Mbwaa ilikuwa Manda, karibu na Lamu. Sasa tazama aya ya mwanafunzi wetu: "Wameru walitoka Manda walikokuwa watumwa wa Waarabu." Jina la Manda ni matokeo ya hoja ya mtafiti, na "Waarabu" ni tafsiri ya rangi ya nguo. Sauti ya mzee na sauti ya mtaalamu zimeunganishwa katika sentensi moja, na msomaji hana tena njia ya kuzitenganisha. Fadiman mwenyewe hana lawama hapa. Yeye alizipitia hatua ambazo mnakili wake ameziruka.

Aya iliyo bora huanza na dai dogo, kwa mfano kwamba mapokeo ya Mbwaa yanakumbuka utumwa na kuvuka maji. Kisha huleta masimulizi kama yalivyotolewa, pamoja na majina yake ya asili. Baada ya hapo ndipo shaka ipewe nafasi yake, wala isifichwe katika tanbihi. Je, maji kutengana si kisa cha Kutoka? Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912, na mengi ya masimulizi haya yaliandikwa baadaye. Lakini koo za rangi tatu hazimo katika Biblia, na hata mkuki na kiatu havimo. Kwa hiyo yumkini kisa cha wenyeji kimepakwa rangi ya kigeni; si lazima kiwe kimezuliwa.

Wanaisimu nao wana sehemu yao. Kimeru ni ndugu wa Kiembu, Kikuyu na Kikamba, wala hakimo katika kundi la Kipokomo, lugha za Mijikenda na Kiswahili. Jambo hili halilivunji simulizi la Mbwaa, kwa kuwa kundi dogo la wahamiaji laweza kuacha lugha yake na kubaki na kumbukumbu. Hata hivyo linamzuia mwandishi asiseme "Wameru wote". Aya ikomee hapo. Manda ingojee aya nyingine, na ushahidi wake yenyewe.

Upande wa Embu twapata msaada mkubwa. Waembu hulitaja jina la Mwenendega, na kichaka chake kitakatifu karibu na Runyenjes, bila kuvuka bahari yoyote. H. S. K. Mwaniki alichapisha historia ya Embu na Mbeere hadi 1906 katika mwaka 1973, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha pili chenye masimulizi yenyewe ya wazee. Msomaji mwenye vitabu vyote viwili mezani aweza kuishika aya ya mwanahistoria, akaifuata mpaka kwenye maneno ya mzee aliyehojiwa, na kuona ni neno gani limeongezwa njiani.