Halmashauri, Kodi na Shule Zetu

Tukiitazama historia ya shule zetu, hatuna budi tukumbuke Madaraka Mikoani ya mwaka 1972. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mipango ikakabidhiwa watumishi wa serikali. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipohimiza elimu ya msingi kwa wote, wananchi walifyatua matofali wakajenga madarasa. Lakini baraza lao la kuamua fedha zigawanywe vipi baina ya shule, barabara na masoko halikuwapo tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Zilirejeshwa mwaka 1984, na mabishano ya kodi na matumizi yakarudi nazo. Tusiyaogope: atoaye kodi na jasho lake ana haki ya kusema vitumikeje.