Hofu Haizaliwi na Mtoto

Siku ya chanjo hapa Isiolo, Mborana, Mturkana, Mmeru, Msamburu na Msomali hukaa benchi moja. Mbona wakati mwingine unamvuta mtoto karibu nawe kabla mwenzako hajakusalimu? Hofu hiyo ilitoka wapi?

Tuanze na historia. Mwaka wa 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kuingia na kutoka kulitaka kibali. Hadi leo wapo wanaosema, wakivuka Isiolo kwenda Nairobi, "Tunaenda Kenya." Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, na vita vikaendelea hadi 1967. Jina "shifta", yaani jambazi, likabandikwa hata mchungaji asiye na hatia. Mwaka wa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa wahakikiwe upya na kubeba kadi maalumu. Watoto wa siku hizo waliona na kusikia. Leo wao ni babu na nyanya.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Hiyo hupiga king'ora cha hatari upesi, kabla hujafikiri. Hujifunza kwa tunayoyaona na kuyasikia. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inaweza kuituliza ukiipa nafasi.

Na mtoto je? Mwaka wa 2006 watafiti walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa miezi 3. Waliolelewa Ethiopia walizitazama zaidi nyuso za Waafrika. Watoto weupe wa Israeli walizitazama zaidi nyuso nyeupe. Lakini watoto wa asili ya Ethiopia waliokuwa Israeli, waliozoea nyuso za aina zote mbili, hawakupendelea upande wowote. Kutazama huko si chuki, ni mazoea.

Basi mama, fanya haya:
- Usimnyamazishe mtoto kwa kumtisha na kabila la jirani.
- Mwache acheze na watoto wa jirani, awajue kwa majina.
- Ukishtuka mwenyewe, tulia, vuta pumzi, kisha salimia.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku mwanao atakapougua usiku, huenda wa kwanza kukufungulia mlango ni yule wa benchi lile.