Watoto wa Manamba

Tukitaja mashamba ya mkonge ya Tanga, twawakumbuka wanaume waliopewa namba hata wakaitwa manamba. Kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba, iliwasafirisha kutoka mbali, Njombe ikiwamo. Kipande kilihesabu siku 30 za kazi. Machozi ya mtoto aliyebaki nyumbani hayakuwa na kipande. Kodi ya serikali ilidai fedha. Hatuwalaumu babu zetu. Lakini mtoto hajui kodi. Anajua baba hayupo, na mara nyingi hudhani kosa ni lake. Leo wazazi wa usharikani wako Dar es Salaam, wengine Oman. Nasi humsifu mtoto wao kwa utulivu, kumbe huenda hakuna aliyemwuliza mama alipiga simu lini.