Mahandaki ya Pwani na Wajibu wa Mwalimu

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya ziwani, kabla hajafika Gitaza, hupita Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wako wanaoamini, na hata kuwafundisha watoto, kwamba hapo ndipo Wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakaja kaskazini kwa mtumbwi ili wajue kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Wakaona kuwa huingia. Mugere palikuwa kituo chao cha njiani tu.

Basi ikiwa jiwe lililo wazi juani, lenye tarehe yake, laweza kusingiziwa habari isiyo yake, itakuwaje kwa yale yaliyofichika chini ya ardhi? Makala haya yanakusudia kutazama mahali patatu pa namna hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki, ambapo wageni na wanafunzi hupelekwa kutembea, na kuuliza kila pahali: ni nani aliyechimba, lini, na kwa kazi gani?

Tuanze na neno lenyewe. Handaki limetoka katika Kiarabu, khandaq, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi, kwa maana ya kitu kilichochimbwa. Zamani lilikuwa shimo refu lizungukalo ngome au mji. Siku hizi twalitumia pia kwa njia ipitayo chini kwa chini. Pango ni kazi ya maumbile. Handaki ni kazi ya mikono. Tofauti hii ndogo tutaihitaji mbele.

Mahali pa kwanza ni Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Upande wa bahari imechongwa njia yenye matao, ipitayo katika mwamba wa matumbawe. Kazi yake haikuwa na ajabu: kuingiza watu na mizigo kutoka vyomboni. Lakini ngome ilipozingirwa na Waomani, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, bahari ndiyo iliyokuwa tumaini la waliokuwamo ndani. Si kila njia ya chini ina siri ya kutisha. Nyingi zilichimbwa kwa ajili ya mzigo, maji na miguu ya watu.

Sasa tuvuke twende Unguja. Huko Mkunazini, penye kanisa kuu la Anglikana, ndipo palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza, na mwisho wa mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi wake ni Askofu Edward Steere, ambaye walimu wa Kiswahili twamjua kwa kitabu chake cha sarufi na kwa ngano za Unguja alizozikusanya. Karibu na kanisa pana jengo lililokuwa hospitali ya misheni, na chini yake mna vyumba vyenye dari fupi na vipenyo vyembamba vya hewa. Wageni huinama wakaingia, wakaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa wakingojea kunadiwa. Lakini jengo hilo lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wameonyesha kwamba vyumba hivyo ni vya hospitali, si vya soko. Mtu aliyeuzwa hapo mwaka 1870 hakuweza kufungiwa katika chumba ambacho kilikuwa bado hakijajengwa.

Mahali pa tatu ni Mangapwani, kaskazini ya mji wa Unguja. Hapo pana vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni pango la maumbile lenye maji matamu. Cha pili ni chumba kilichochongwa kwa mikono katika mwamba wa matumbawe, kikaezekwa, hata apitaye mbali asikitambue. Chumba hiki chahusishwa na mfanyabiashara Mohammed bin Nassor al-Alwi, nacho kilitumika kuwaficha watumwa baada ya marufuku ya 1873, wangoje kusafirishwa kwa siri. Tarehe yenyewe ni ushahidi: biashara ya wazi haikuhitaji maficho. Kilichimbwa kwa sababu sheria ilikuwapo na ilikuwa ikivunjwa. Nao utumwa wenyewe haukufutwa Unguja hadi mwaka 1897.

Mambo haya si ya watu wa pwani peke yao. Misafara ya Ujiji iliwachukua watu wa nchi zilizo kando ya Ziwa Tanganyika, na Rumaliza, mfanyabiashara aliyekuwa na nguvu Ujiji, alijaribu kuingia Burundi akazuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Kwa hiyo mtoto wa Gitaza asomapo habari za Mkunazini, asoma pia habari za watu wa ziwa lake.

Huenda mwenzetu akauliza: pana ubaya gani kumwonyesha mtoto chumba cha hospitali, maadamu mateso yenyewe yalikuwa ya kweli? Ubaya upo. Mtoto huyo atakua, atasoma, na siku moja ataijua tarehe ya lile jengo. Aliyedanganywa kuhusu chumba huenda akadhani kwamba soko nalo ni hadithi tu. Ilhali soko lilikuwapo, na watu waliuzwa mahali pale pale ambapo leo pana kanisa. Wao hawahitaji kuongezewa chumba ili wasikitikiwe.

Yafaa basi, ndugu walimu, kila tuwapelekapo wanafunzi penye mnara, pango au handaki, waende na maswali yale matatu wameyaandika daftarini, na wasimwamini mwenye kuwaongoza, hata akiwa ni mwalimu wao, mpaka ameyajibu yote. Sisi wa huku ziwani tunaweza kuanzia karibu, kwenye jiwe la Mugere.