Kwale wa Pakanga na Usimamizi wa Ardhi za Umma

Kwale wa pakanga, ambaye wataalamu humwita Centrocercus urophasianus, ni ndege wa nyika kavu za magharibi ya Marekani, wa jamaa ya kuku na kanga, naye kwa kuwa hana jina katika lugha yetu tumemwita hapa kwa mmea ambao bila ya huo hawezi kuishi. Mmea huo, Artemisia tridentata, ni kichaka cha majani ya kijivu na harufu kali, ndugu wa pakanga ambayo watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki huichemsha kuwa dawa; na katika Wyoming, Montana, Idaho, Nevada na Oregon hutanda hata upeo wa macho, hata msafiri asiyejua akadhani kuwa ile ni nchi tupu isiyo na faida wala mwenyewe.

Wakati wa theluji chakula cha ndege huyu ni majani ya pakanga takriban peke yake, kwa sababu firigisi yake ni laini, haiwezi kusaga nafaka kama ya kuku. Baridi ikipungua, madume hukusanyika kabla ya mapambazuko katika viwanja vya ngoma, navyo ni vile vile mwaka baada ya mwaka, wakatanua mikia yenye ncha kama miiba na kujaza upepo vifuko viwili vya manjano vilivyo kidarini, huku majike wakitazama na kuchagua. Kisha kila jike huenda zake akataga mayai, aghalabu sita hadi tisa, katika kishimo kidogo chini ya kichaka. Hapo ndipo lilipo shina la mas'ala yote: kiota cha ardhini hakina sitara ila matawi yaliyo juu yake na manyasi yaliyokizunguka, na vifaranga navyo, katika wiki zao za kwanza, sharti vipate wadudu na mimea laini. Basi ndege mmoja ana haja ya nchi ya kuchezea, ya kutagia, ya kulelea na ya kukaa wakati wa baridi, zote ziwe pana na zisizokatwa vipande.

Takriban nusu ya makazi yake yaliyosalia imo katika ardhi iliyo chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1946. Sheria ya mwaka 1976 yaiamuru idara hiyo kuangalia manufaa mengi kwa pamoja, yaani malisho, madini, mafuta na gesi, matembezi ya watu, na wanyama wa mwituni. Maneno ya insafu kwa kuyasoma, lakini kisima cha gesi na kiota havikai ubavu kwa ubavu. Wyoming, yenye ndege hawa wengi kupita majimbo yote, ndiyo pia yenye gesi nyingi chini yao. Gavana Dave Freudenthal alitoa amri mwaka 2008 ya kutenga maeneo makuu ya ndege, ambamo uharibifu wa ardhi wawekewa kipimo, visima vyasogezwa mbali na viwanja vya ngoma, na kazi zasimama katika majira ya kutaga.

Magharibi zaidi, adui ni moto. Nyasi ngeni iitwayo Bromus tectorum, iliyotoka Ulaya na Asia, hukauka mapema na kuwaka upesi. Pakanga ikiungua haichipui tena kutoka shinani, na huchukua miongo kadhaa kurudi, hali nyasi hiyo hurudi mwaka ufuatao ikiwa nene zaidi. Kwa hiyo mafundi wa idara husafisha njia za kuzuia moto, hupanda mbegu upya, hukata miti ya jamaa ya mwangati inayoingia nyikani na kuwapa kunguru na mwewe mahali pa kuvizia, na hutia vibao vyeupe katika seng'enge ili ndege warukao alfajiri wasijigonge. Kazi hizi ni njema, ila kuilinda pakanga isiungue ni rahisi mno kuliko kuirudisha.

Mwaka 2010 serikali ilikiri kwamba ndege huyu astahili kulindwa kwa sheria ya viumbe walio hatarini, ikaahirisha. Septemba 2015 ikasema hastahili tena, kwa kutegemea mipango mipya ya ardhi za umma. Mipango hiyo ikalegezwa mwaka 2019, na mahakama ya Idaho ikauzuia ulegezaji huo mwaka ule ule. Kwa rai yetu, hapa ndipo penye aibu kubwa: mipango hubadilika kila serikali ibadilikapo, nayo pakanga haijatimiza hata nusu ya kimo chake.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 na Taasisi ya Jiolojia ya Marekani ilionyesha kuwa kwale wa pakanga wamepungua kwa asilimia 80 tangu mwaka 1965.