Mwenye Kaya na Mtawa: Nani Anamlisha Nani?

Ukitaja Uhindu, wengi wetu huona akilini mtu wa aina moja: mzee aliyejipaka majivu, nywele zimesokotana, ameketi kando ya mto Ganga, hana mke, hana mtoto, hana mtu wa kumdai. Picha hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mabishano yaliyodumu zaidi ya miaka elfu mbili ndani ya dini hiyo: je, aliyeiacha nyumba yake yuko karibu zaidi na ukweli kuliko aliyebaki akihangaika na unga, kuni na wazazi wagonjwa? Nafundisha historia ya fikra, na kila nikifika kwenye somo hili nawaona wanafunzi wangu, hasa wanaharakati miongoni mwao, wakielemea upande wa mtawa. Wanaamini kwamba mwenye ndoa na watoto ameshaikabidhi dunia nusu ya roho yake, na kwamba mapambano ya haki ni kazi ya waseja. Ndiyo maana naona mabishano haya yanastahili kusomwa kwa makini hata na sisi tusio wa dini hiyo.

Neno la Kisanskriti ni grihastha, yaani mtu akaaye nyumbani. Ningesema "mwenye nyumba", lakini kwetu neno hilo limeshatekwa na yule anayekuja kudai kodi mwisho wa mwezi. Nitasema "mwenye kaya".

Dini ya Veda, iliyoutangulia Uhindu tunaoujua leo, ilikuwa dini ya wenye kaya. Moto wa sadaka uliwashwa na mwanamume aliyeoa, na ibada kuu hazikutimia bila mkewe kuwapo. Kisha, yapata karne ya 6 na ya 5 KK, miji ilipokuwa ikikua katika bonde la Ganga, likazuka wimbi la watu walioipa nyumba kisogo. Mashuhuri wao ni Buddha, ambaye kwa mujibu wa mapokeo alimwacha mkewe na mtoto mchanga, na Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini. Hoja yao ilikuwa nzito: kuzaliwa, kuoa, kuzaa na kufa ni mnyororo mmoja, na sadaka za nyumbani haziukati. Watu wengi waliwafuata, na wanazuoni wa Kibrahmini wakalazimika kujibu.

Jibu lao halikuja kwa siku moja. Patrick Olivelle, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu mfumo wa ashrama, alionesha jambo ambalo maelezo ya kawaida hulipita: zile hali nne za maisha, yaani mwanafunzi, mwenye kaya, mkaazi wa msituni na mtawa, hazikuanza kama ngazi inayopandwa kwa zamu. Zilikuwa njia nne, na kijana aliyemaliza masomo aliweza kuchagua moja akakaa nayo hadi kufa. Wapo waandishi wa sheria wa kale, Gautama (si yule Buddha) na Baudhayana, waliokataa hata uchaguzi huo. Kwao hali halali ilikuwa moja tu, ya mwenye kaya. Ngazi tunayoijua ilikamilishwa baadaye, katika kitabu cha sheria kiitwacho kwa jina la Manu. Mimi naisoma kama suluhu ya kisiasa. Mtawa alipewa kilele, mwenye kaya akapewa wakati: ruhusa ya kuondoka ipo, lakini subiri kwanza nywele ziote mvi na uwaone wajukuu.

Msingi wa suluhu hiyo ni deni. Maandiko ya Veda yalishasema kwamba Brahmini huzaliwa akidaiwa mara tatu: wahenga walioiona elimu takatifu huwalipa kwa kusoma, miungu kwa sadaka, na mababu kwa kupata watoto. Manu anaonya kwamba atafutaye wokovu kabla ya kulipa huanguka badala ya kupanda. Kisha anatoa hoja ninayoiona ya kihasibu kuliko ya kiroho. Mwanafunzi anakula, mkaazi wa msituni anapokea, mtawa ananyoosha bakuli, na chungu kinachowalisha wote kiko juu ya mafiga ya mwenye kaya. Abebaye wengine watatu, kwa hesabu hiyo, ndiye mkubwa wao.

Watumishi wa umma watapenda kujua kwamba dola nayo iliingilia kati. Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, kilipotea kwa karne nyingi hadi R. Shamasastry alipokipata Mysore mwaka 1905 na kukichapisha mwaka 1909. Ndani yake imo faini kwa mwanamume anayejifanya mtawa bila kuwaachia mke na watoto wake riziki. Nadhani aliyeitunga kanuni hiyo aliifikiria hazina ya mfalme kama alivyomfikiria mke aliyeachwa, kwa kuwa mtawa halimi wala halipi kodi. Lakini matokeo ni yale yale: utakatifu haukumwondolea mtu wajibu wa malezi.

Sehemu inayonivuta zaidi katika Manu imo jikoni. Anasema kila kaya ina machinjio matano: jiko, jiwe la kusagia, mfagio, kinu na mchi wake, na mtungi wa maji. Katika kila kimoja viumbe wadogo hufa kila siku, na hakuna alaye ambaye mikono yake ni safi. Watawa walikuwa wametoa hoja hiyo hiyo, wakahitimisha kwamba ni bora kuondoka. Manu anahitimisha kwamba ni lazima kubaki na kulipa, kwa sadaka tano za kila siku: kusoma na kufundisha maandiko, kuwakumbuka mababu kwa maji na chakula, kuwatolea miungu motoni, kuwawekea tonge mbwa, kunguru, wadudu na watu waliotengwa, na kumkirimu mgeni. Baada ya hayo yote mume na mke hula kilichobaki. Hapa maisha ya nyumbani hayahesabiwi kuwa likizo ya ibada. Kupika, kugawa na kula mwisho ndiyo ibada yenyewe.

Wazo hilo la kula mwisho lina kisa chake katika Mahabharata. Vita vimekwisha, ndugu wameuana, na Yudhishthira, aliyeshinda, anataka kuutupa ufalme aende msituni. Arjuna anamsimulia habari za vijana wa Kibrahmini waliotoroka makwao kabla hata ndevu hazijaota. Mungu Indra aliwajia kwa umbo la ndege wa dhahabu, akawasifu walao mabaki. Vijana wakafurahi, wakidhani wanasifiwa wao. Ndege akakana: walao mabaki ya kweli ni wale wanaowagawia chakula wageni, miungu, mababu na jamaa zao asubuhi na jioni, kisha wao wenyewe wakala kilichosalia. Vijana walirudi nyumbani. Nikiwasimulia wanafunzi kisa hiki, hakuna anayecheka. Kila mmoja anamjua mama fulani ambaye hajawahi kuonekana akila kwanza.

Kisa cha pili ni kikali zaidi. Brahmini Kaushika aliwaacha wazazi wake wazee akaenda kusoma Veda. Siku moja ndege alimchafua kutoka mtini. Akamkazia macho kwa hasira, ndege akafa. Baadaye akaenda kuomba chakula kwenye nyumba moja, na mama mwenye nyumba akamtaka asubiri. Mume alipoingia akiwa na njaa, mama akamhudumia kwanza yeye. Kaushika alipowaka, mama alimjulisha kwa upole kwamba habari za ndege anazo, na kwamba yeye hataanguka kwa kutazamwa. Akamwelekeza kwa mwalimu huko Mithila. Mwalimu huyo alikuwa muuza nyama, mtu wa kazi iliyodharauliwa. Alimfundisha dharma, kisha akamwingiza ndani akamwonesha baba na mama yake walivyotunzwa, akisema hao ndio miungu yake. Na akamtuma arudi kwa wazazi wake, waliopofuka kwa huzuni. Vivekananda, ambaye mwenyewe alikuwa mtawa, alikisimulia kisa hiki katika mihadhara yake ya New York mwishoni mwa 1895 na mwanzoni mwa 1896.

Wapo pia waliojenga njia nzima juu ya msingi huu. Vallabha (1479–1531) alioa, akazaa, na aliingia utawa katika siku zake za mwisho tu; viongozi wa njia yake wamekuwa wenye kaya tangu hapo, na waumini humhudumia Krishna nyumbani kama mtoto wa kulishwa, kuvishwa na kulazwa. Mabhatia wa Kutch, wengi wao wafuasi wa njia hiyo, tunawajua pwani yetu: ni jamii ya nyumba ya Jairam Shivji, iliyoshika forodha ya Zanzibar zama za Sayyid Said. Kwa kuwa kuvuka bahari kulihesabiwa unajisi, wafanyabiashara hao kwa miaka mingi waliwaacha wake zao Kutch. Wajibu wao wa kaya ulisafiri kwa jahazi, kama fedha. Wenzangu mliolelewa kwa fedha zinazotumwa kutoka mbali mtaielewa hali hiyo bila maelezo.

Sasa turudi jikoni. Jiko, jiwe la kusagia, mfagio, kinu, mtungi: ni mikono ya nani iliyovishika? Machinjio yote matano ni vyombo vya kazi ya mwanamke, lakini sadaka zinazoyatakasa hutolewa kwa jina la mume, na Manu huyo huyo anasema mke hana sadaka yake peke yake. Heshima ya mwenye kaya ilijengwa kwa jasho ambalo halikuandikwa kwenye daftari. Vilevile, waliotengwa wanatajwa pamoja na mbwa na kunguru, kama wapokea tonge. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, B. R. Ambedkar na wafuasi wake walikichoma moto hadharani kitabu cha Manu, nami siwezi kuwalaumu.

Ambedkar hakuishia kwenye moto. Akiwa waziri wa sheria wa India huru, alipigania sheria mpya ya familia ya Wahindu, na mwaka 1951 alijiuzulu ilipokwamishwa. Ilipitishwa vipande vipande baada yake: ndoa mwaka 1955, mirathi mwaka 1956, na mwaka 2005 marekebisho yakawapa mabinti haki sawa na wana katika mali ya ukoo. Katika ile sheria ya ndoa ya 1955, kifungu cha 13, imo sababu moja ya talaka ambayo Kautilya angeitambua mara moja: mume au mke anaweza kuomba talaka iwapo mwenziwe ameikana dunia na kuingia utawa.